Fuko wa Ng'ambo ya Kagera

Mwaka 1909 Oldfield Thomas, mtaalamu wa mamalia katika jumba la makumbusho la London, alimpa fuko wa Ankole jina la kisayansi: Tachyoryctes ankoliae. Ankole iko ng'ambo ya Mto Kagera. Ukisimama Murongo, wilayani Kyerwa, unatazama Uganda kwa macho yako. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto huohuo, Rwanda nayo ina fuko mwenye jina lake, T. ruandae. Karagwe na Kyerwa zimekaa katikati. Sasa fuko anayerundika udongo katikati ya viazi vya mkulima wa Ndama, hapa Karagwe, aitwe nani? Wa Ankole, wa Rwanda, wa kwake peke yake? Au wote ni fuko mmoja aliyebandikwa majina mengi na watu wenye makabati mengi?

Nimewaketisha watu wanne, mzee mkulima, mwalimu, muuguzi na binti aliyesomea panya, kwenye benchi nje ya duka, hapo Ndama, mvua imekatika. Wao ni wa kubuni. Panya wao, miaka yao na ubishi wao si vya kubuni. Mimi nitadakia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MZEE: Nianze mimi, maana viazi vilivyoliwa ni vyangu. Fuko ni fuko. Namtega kwa kijiti cha kupinda na kamba, kama marehemu baba alivyomtega. Nikimtoa shimoni ni yuleyule: meno ya mbele yametokeza nje ya midomo, macho mpaka uyatafute, manyoya laini. Anakata mihogo kwa chini, mimi juu nadhani shina linakauka kwa jua. Mkishamaliza kumpa majina matatu, atakula mara tatu?

MWALIMU: Mzee, sayansi yenyewe nusu iko upande wako. Kwa muda mrefu vitabu viliwatambua mafuko wa jenasi hii wawili tu: yule mkubwa wa milima ya Bale kule Ethiopia, na Tachyoryctes splendens, ambaye wengine wote waliwekwa chini yake, kuanzia Ethiopia mpaka huku kwetu. Kisha orodha kubwa ya mamalia wa dunia ya mwaka 2005 ikahesabu spishi 13. Hao kumi na mmoja wa ziada hawakuzaliwa jana. Waliobadilika ni wahesabuji. Mnakumbuka 2012 Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe? Watu wa Nkwenda waliamka walewale, lugha ileile, ndizi zilezile. Kilichobadilika ni bango la ofisi ya mkuu wa wilaya.

BINTI: Mfano mzuri, Mwalimu, ila wilaya huchorwa ofisini na spishi hutafutwa shambani. Walioandika 13 hawakuwamega mafuko. Waliyarudisha majina ya zamani, ya akina Thomas, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima na kuthibitisha kwamba ni fuko mmoja. Walichokuwa wanasema ni kwamba tusiwaunganishe kwa mazoea.

MWALIMU: Wala tusiwatenganishe kwa mazoea.

BINTI: Hapo tumekubaliana, na mjadala haujaanza hata kidogo.

Nidakie. Thomas katika maisha yake alitoa majina ya mamalia zaidi ya 2000, na wengi wao aliwajua kwa ngozi kavu, fuvu na kikaratasi kilichofungwa mguuni. Mkoa wetu wa Kagera haukuwa mbali na biashara hiyo. Msafiri Mwingereza Speke alifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na kielelezo cha Karagwe ndicho kilichompa nzohe, swala wa matete, jina la Tragelaphus spekii. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege na wanyama. Aliuawa Kongo mwaka 1892, na mwaka 1910 panya buku wa misitu ya Kongo akaitwa Cricetomys emini kwa heshima yake. Ukisoma majina haya utadhani wanyama wa Maziwa Makuu walizaliwa na wageni waliopita njiani. Lakini usiwadharau watu hao: vielelezo vyao vingali kabatini, na mtu yeyote anaweza kwenda kuvipima upya leo. Mabingwa wengi wa simulizi hawajatuachia kitu cha kupima.

MZEE: Basi mjukuu wangu, niambie mnapimaje. Maana mimi nikimwangalia panya namjua.

BINTI: Unamjua, babu, na sisi tunaanzia kwa watu kama wewe, kwa sababu ni ninyi mnaojua shimo lipi lina mtu. Tunatega jioni, alfajiri tunapita. Kila anayenaswa anapimwa uzito, urefu wa mwili, mkia, sikio na unyayo wa nyuma. Mahali aliponaswa panaandikwa kwa vipimo vya ramani. Kipande cha nyama kinawekwa kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba, na mwili wake unahifadhiwa, fuvu likisafishwa mpaka meno yahesabike mikunjo. Wengine huhesabu pia kromosomu. Halafu ndipo tunauliza: je, fuvu, kromosomu na vinasaba vinasimulia kisa kimoja? Vikisimulia visa vitatu, tunanyamaza kwanza.

MWALIMU: Wengi hawanyamazi. Wanapata tofauti kidogo kwenye jeni moja, wanakimbilia kuandika jina. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nawauliza kila msimu wa senene: wa kijani na wa kahawia, spishi ngapi? Nusu ya darasa hujibu mbili. Ni mmoja, Ruspolia differens, amevaa rangi tofauti. Mwenye haraka angekuwa ameshawaandikia majina mawili.

BINTI: Na mwenye haraka ya kuunganisha angewakosa mafuko wa Hanang.

MZEE: Hao ni wapi tena?

BINTI: Ni mafuko wa jenasi nyingine, babu, si wa huyu wako. Inaitwa Fukomys, jina lililotungwa mwaka 2006 kwa neno letu fuko. Mwaka 2017 Chris Faulkes wa London, Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, na wenzao walitangaza spishi mbili mpya za Tanzania: Fukomys hanangensis wa Mlima Hanang na Fukomys livingstoni wa upande wa Ujiji, Kigoma. Vilikuwa vikundi vidogo vilivyobaki kando, mbali na ndugu zao, katika nchi iliyopasuliwa na Bonde la Ufa. Wakulima wa pale walikuwa wanawaona siku zote. Ambacho hakikuwahi kufanyika ni kuvilinganisha vinasaba vyao na vya mafuko wengine. Kwa macho, mafuko wote wamefanana, kwa sababu kazi ya kuchimba gizani inawatengeneza mwili uleule. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi.

MWALIMU: Hilo nalikubali. Lakini mwaka 2007 je? Spishi tano za Lophuromys kwa mpigo mmoja!

Lophuromys ni panya wa milimani na misituni, manyoya yake magumu, mkia wake mwepesi kukatika. Wa Kilimanjaro, L. aquilus, alipewa jina mwaka 1892. Mwaka 2007 Walter Verheyen wa Ubelgiji na wenzake, akiwemo Loth Mulungu wa SUA, waligawa kundi hilo na kutoa majina matano mapya. Moja, L. stanleyi, ni la Rwenzori. Manne ni ya Tanzania, na yote yana majina ya watu wa SUA: L. kilonzoi wa Usambara kwa Bukheti Kilonzo, L. makundii wa Hanang kwa Rhodes Makundi, L. machangui wa Rungwe kwa Robert Machang'u, L. sabunii wa nyanda za Ufipa kwa Christopher Sabuni. Nakiri nilifurahi kuyasoma. Baada ya karne nzima ya akina Speke na Emin, panya wa Tanzania ameitwa kwa Mtanzania aliyetumia maisha yake kumfuatilia.

MWALIMU: Furaha si ushahidi. Kila mlima na panya wake! Wapo wataalamu waliokwisha kutilia shaka kama tofauti hizo zinatosha kuwaita spishi kamili. Panya wa Usambara na wa Hanang walitenganishwa na nyika kavu; bila shaka wametofautiana kidogo. Hata Wanyambo na Wahaya wanatofautiana lafudhi.

MZEE: Mwalimu, hilo la Wahaya liache, hapa hatutamaliza leo.

MUUGUZI: Samahani wazee wangu, mnaniruhusu? Nimekaa hapa nasikiliza mafuvu na makabati. Mimi nataka kujua yupi ananiletea wagonjwa.

MZEE: Sema, mama.

MUUGUZI: Kagera hatusomi magonjwa ya wanyama kwa udadisi. Homa ya Marburg ilitangazwa Bukoba Machi 2023, ikatangazwa tena Biharamulo Januari 2025. Popo wako wengi, lakini anayejulikana kuhifadhi virusi vile ni popo wa matunda wa spishi moja, Rousettus aegyptiacus. Ukiwachukia popo wote unaharibu bure, na ukimkosa mmoja yule umekwisha. Tena nendeni nyuma zaidi. Mwaka 1898 Robert Koch, kwa vielelezo alivyoletewa na daktari Zupitza kutoka Kiziba, hapo jirani, alitambua kwamba ugonjwa ambao wenyeji waliuita rubwunga ni tauni. Tauni ni ya panya na viroboto. Sasa ni panya yupi?

BINTI: Hilo swali, mama, limeshajibiwa kusini mwa Afrika, na jibu lake ndilo lililonifanya nisomee panya. Mnamjua panya shamba, Mastomys, yule ambaye jike ana chuchu nyingi kuliko panya wote mnaowafahamu, jozi nane hadi kumi na mbili, na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Kule kusini waliaminiwa kuwa ni panya mmoja. Watafiti walipohesabu kromosomu, wengine walikuwa na 32, wengine 36. Kwa nje huwezi kuwatenganisha. Mwenye 32 ni M. natalensis, mwenye 36 ni M. coucha. Miaka ya 1980 wakawaambukiza tauni kwenye maabara: coucha waliugua wakafa, natalensis walistahimili. Na ukitazama ramani, maeneo ya tauni kusini mwa Afrika yanaendana na ya coucha. Miaka yote hiyo waliripoti "panya shamba" na tauni, pasipo kujua wanazungumzia wanyama wawili.

MUUGUZI: Kwa hiyo kuunganisha kulificha ugonjwa.

BINTI: Kuliuficha mbele ya macho ya watu wenye hadubini.

MWALIMU: Nimeshindwa hapo, sina la kusema. Lakini nikuulize kitu, binti. Panya shamba wetu wa Tanzania ni natalensis. Wa Afrika Magharibi anayeeneza homa ya Lassa, iliyogunduliwa Nigeria mwaka 1969, ni yupi?

BINTI: Natalensis huyohuyo.

MWALIMU: Mbona Lassa hatuna?

Swali hili ni la mwalimu aliyelala nalo. Natamani wasomaji walitafakari kabla ya kusoma jibu, kwa sababu ndipo mjadala mzima unapogeuka.

BINTI: Kwa sababu chini ya jina hilo moja kuna koo. Vinasaba vimeonyesha koo sita za Mastomys natalensis Afrika nzima, na Lassa inafuata panya wa magharibi. Hapa Tanzania tuna virusi vya jamii hiyo, ambavyo havijulikani kusababisha ugonjwa kwa watu: vya Morogoro na vya Gairo. Cha ajabu ni hiki. Virusi vya Gairo vipo kwa ukoo mmoja, vya Morogoro kwa ukoo mwingine. Koo hizo mbili zinakutana katikati mwa Tanzania, na pale zinapokutana panya wanapandana, wanazaa machotara. Kwa kawaida ungetegemea virusi vichanganyike nao. Watafiti wa Antwerp na SUA walipochunguza, wakatangaza mwaka 2017, walikuta virusi vinaishia pale ukoo unapoishia.

MUUGUZI: Panya wanaoana, ugonjwa unagoma kuvuka?

BINTI: Ndivyo.

MWALIMU: Basi ushindi wako umekufia mkononi! Mmekesha kupigania majina ya spishi, kumbe mpaka unaomhusu muuguzi upo ndani ya spishi moja, hauna jina hata la Kilatini. Mwenye orodha ya spishi tu angesema Lassa na Morogoro ni panya mmoja, hatari moja. Angewatisha watu bure.

BINTI: Sijashindwa, Mwalimu. Nimekuambia tangu mwanzo, nanyamaza mpaka ushahidi useme. Coucha na natalensis walitakiwa kutenganishwa majina, kwa sababu hawazaliani porini hata wanapoishi shamba moja. Koo za Gairo na Morogoro zinazaliana. Haziwezi kuwa spishi mbili, lakini lazima zijulikane. Kazi ya kupima ni ileile. Jina ni hatua ya mwisho, na mara nyingine halihitajiki kabisa.

Hapa naungana na binti, na ninadhani Mwalimu naye, japo hatakiri mbele ya mzee. Ubishi wa wanaogawa na wanaounganisha umechosha kwa sababu unahesabu majina. Ukihesabu vielelezo na vipimo, wote wawili wanafanya kazi moja.

MWALIMU: Nina moja la mwisho kabla mvua haijarudi. Panya buku wa shirika la APOPO, wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la Kiingereza la PDSA mwaka 2020, alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 kule Kambodia kabla ya kufa Januari 2022. Miaka mingi maandishi yalimwita panya wa aina yake Cricetomys gambianus. Utafiti wa 2012 ukaonyesha gambianus ni wa Afrika Magharibi, na wa kwetu ni C. ansorgei. Je, kuna bomu lililokosewa kwa sababu ya jina?

MZEE: Hakuna. Pua haisomi.

BINTI: Kuna aliyekosea, babu, ingawa si Magawa. Kila aliyesoma muda wa mimba, umri au ugonjwa wa gambianus wa Gambia akadhani anasoma habari za panya wa Morogoro, alisoma mnyama mwingine. Isitoshe utafiti huohuo ulionyesha kwamba panya buku wa Afrika wako aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Kwetu hapa tuko kwenye mkutano wa misitu ya Kongo na nyika za mashariki. Panya buku wa Karagwe ni wa upande gani, simjui kwa macho na sitakubali anayejifanya kumjua kwa macho.

MZEE: Haya. Mmeongea vizuri, na mimi nimejifunza. Sasa nisikilizeni. Walikuja vijana kijiji kimoja, miaka ya nyuma, wakatega, wakabeba panya kwenye vichupa, wakaandika majina yetu kwenye daftari. Hatukuambiwa walipata nini. Mimi sina neno na mafuvu. Nataka mtu aliyechukua panya wa shambani kwangu arudi aniambie: huyu ni fulani, anazaliana baada ya mvua za wakati fulani, sumu ya chambo uliyouziwa itamuua au itamuua kuku wangu.

BINTI: Fuko wako hataigusa, anakula mizizi shimoni. Panya shamba ataila, lakini ukiiweka wakati wameshajaa umechelewa. Wataalamu wa SUA na wa Ubelgiji walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mvua nyingi za vuli huwawahisha kuzaa, na msimu unaofuata mashamba yanafurika. Kwa hiyo unahesabu mvua kwanza.

MZEE: Hilo ndilo nilitaka. Mbona limechukua jioni nzima?

Nami niseme langu. Mto Kagera ni mpana kiasi cha kumzuia mnyama anayeishi chini ya ardhi. Pia ni mto uliowahi kubadili mkondo katika historia ndefu ya Ziwa Victoria, kwa hiyo huenda mafuko wa kingo zote mbili walikuwa jamaa moja si zamani sana. Kwa mtu aliyekaa mezani hoja zote mbili zina nguvu sawa. Dawa yake ni kutega Murongo na Kikagati ya Uganda, kingo zote mbili, kisha kwenda mpaka Ndama na mpaka upande wa Rwanda, na kulinganisha na fuko wa Thomas aliyeko London. Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, zina askari wanaoijua nchi. Hapo ni pa kuanzia. Wenye kibali cha utafiti cha COSTECH waache sehemu ya vielelezo ndani ya Tanzania, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata kwa Kiswahili, si kwenye jarida la kulipia peke yake.

Wewe msomaji unayelima: usimshike kwa mkono mtupu panya uliyemkuta amekufa, na ukiwakuta wengi wamekufa pamoja, toa taarifa zahanati kabla ya kuwafukia. Unayemkamata na humfahamu, mpige picha ukiweka rula pembeni, andika mahali na tarehe, umpelekee afisa ugani. Na wewe unayechora ramani za wanyama: ukiandika ankoliae upande wa Kyerwa, tia alama ya kuuliza.